Je, mtoto ambaye lugha yake ni Kiingereza alazimishwe kusoma lugha ya kigeni shuleni?

Mama Mkubwa, Lang'ata – swali

Hamjambo nyote. Ninaleta swali lililotugawanya katika ukoo wetu tangu mwezi uliopita, swali ambalo nililiona jepesi mpaka nilipojaribu kulijibu.

Mdogo wangu anaishi Birmingham, Uingereza, na mwanawe wa kwanza ametimiza miaka kumi na mitatu. Shule imempa karatasi ya kuchagua masomo atakayoendelea nayo hadi mtihani wa GCSE, ambao watoto wa huko huufanya wakiwa na miaka kumi na sita. Hisabati, Kiingereza na sayansi hana hiari nazo. Kifaransa anaruhusiwa kukiacha, naye ameamua kukiacha. Mama yake ameudhika, baba yake anasema mtoto asisumbuliwe, nami nikaombwa nizungumze naye kwa kuwa husemwa kwamba mimi ndiye anayenisikiliza. Nilipompigia simu alinijibu kwa upole kabisa kwamba haoni sababu ya kuhangaika na vitenzi vya Kifaransa ilhali Wafaransa wenyewe wanajifunza Kiingereza. Alinijibu kwa Kiingereza, bila shaka, maana Kiswahili hakijui, na Kikamba cha nyanya yake hakijui zaidi ya salamu.

Nilikata simu nikitaka kumcheka, kisha nikamtazama binti yangu pale mezani. Yeye yuko gredi ya tisa hapa Nairobi, na mwakani ataingia sekondari ya juu. Karatasi yake ya kuchagua masomo nayo iko njiani. Mimi ni Mkamba, baba yake ni Mluhya, na tulipoanza maisha tuliona Kiingereza ndicho kitakachotukutanisha na kumfaa mtoto, kwa hiyo Kiingereza ndicho alichokua nacho. Kiswahili anakisoma kama somo na anapata alama nzuri, lakini ukimtuma sokoni atamwita muuza mboga kwa Kiswahili na kupatana bei kwa Kiingereza. Kwa hiyo nikisema "wazungumzaji wa Kiingereza" sisemi Waingereza na Wamarekani peke yao. Wamo pia watoto wetu wa Lang'ata, Kileleshwa na Syokimau.

Swali langu basi ni hili: mtu ambaye tayari ana lugha inayosikika karibu kila uwanja wa ndege duniani, je, shule ina sababu ya haki ya kumlazimisha ajifunze nyingine? Siulizi kama ni vizuri kujua lugha nyingi, kwa maana sijakutana na mtu anayesema ni vibaya. Ninauliza kama vipindi hivyo vina faida inayolingana na muda unaotumika, au kama mtoto angefaidika zaidi muda huo ukipewa kompyuta.

Mwalimu Mstaafu, Kasarani

Mama Mkubwa, salamu nyingi. Nimefundisha Kifaransa na Kiswahili katika shule za upili kwa miaka 31, kwa hiyo nakiri mapema kwamba mimi si shahidi asiye na upande. Ugali wangu ulitoka humo.

Nianzie huko Uingereza, kwa sababu kijana huyo hajaamua peke yake, serikali ilimtangulia. Zamani mtaala wa taifa uliwataka wanafunzi wasome lugha ya kigeni hadi miaka 16. Mwaka 2004 sharti hilo likaondolewa kwa waliotimiza miaka 14, na idadi ya wanaofanya mtihani wa Kifaransa na wa Kijerumani ikaporomoka, wala haijarudi ilipokuwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, serikali ya huko huko ikaagiza watoto wa shule za msingi wafundishwe lugha nyingine kuanzia miaka saba. Maana yake ni kwamba mtoto huanzishwa akiwa na miaka saba na kuruhusiwa kuacha akiwa na kumi na minne, wakati ambapo ameanza tu kuelewa anachokisikia. Sijui mkulima ambaye angepalilia mahindi yake vizuri kisha akalihama shamba siku yanapotoa mbelewele.

Watu wengi, wakiwamo Waingereza wenyewe, husema kwamba Mwingereza hana kipaji cha lugha. Historia ya hapa petu inawakanusha. Afisa wa serikali ya kikoloni aliyeletwa Kenya alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili, na wengi walifaulu, kwa sababu bila Kiswahili asingeweza kusikiliza kesi wala kukusanya kodi. (Hata hivyo niseme kwa utani kwamba shirika la wamisionari wa Kiingereza lililofungua kazi huku pwani lilianza kwa kutuma Wajerumani: Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, Rebmann akamfuata mwaka 1846, na sarufi ya Kiswahili aliyoichapisha Krapf mwaka 1850 ni kazi ya Mjerumani huyo.) Kipaji basi kilikuwapo. Hitaji lilipokuwapo walijifunza, na hitaji lilipokoma nao wakakoma.

Lakini ninaomba mtazame kwa makini ni lugha ya namna gani inayozaliwa na hitaji peke yake. Walowezi wa nyanda za juu nao walikihitaji Kiswahili, na hitaji lao lilizaa kile kilichoitwa Kisetla, lugha isiyo na upatanisho wa ngeli, ambayo karibu vitenzi vyake vyote viko katika hali ya kuamrisha: lete, ondoa, pika, fagia, ngoja. Marehemu baba yangu alifanya kazi jikoni kwa mlowezi mmoja upande wa Nakuru, naye alituambia kwamba kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuulizwa swali kwa Kiswahili isipokuwa swali la "iko wapi". Mlowezi huyo alikuwa amejifunza lugha ya kigeni kwa kadiri ileile aliyoihitaji. Hakuhitaji kumsikiliza mpishi wake, kwa hiyo hakujifunza maneno ya kusikiliza.

Hapo ndipo ninapomjibu mpwa wako. Mtoto wa Kisumu au wa Kraków hana haja ya kulazimishwa na mtu ajifunze Kiingereza, kwa sababu ajira, intaneti na vyuo vikuu vitamlazimisha apende asipende. Mtoto wa Birmingham peke yake ndiye ambaye maisha hayatamlazimisha kamwe. Atazeeka bila kuwahi kukaa mahali ambapo yeye ndiye anayetafuta neno na mwenzake ndiye anayesubiri. Kama shule haikumweka katika hali hiyo walau mara mbili kwa wiki, hakuna mwingine atakayemweka. Kwa hiyo mimi ninasema alazimishwe, tena yeye kuliko mtoto mwingine yeyote.

Mhasibu wa Kilimani

Mwalimu, kwa heshima zote, umetupa hoja nzuri ya kwa nini mtu angepaswa kujua lugha ya pili. Hukutuambia kama shule inaweza kumpa lugha hiyo, na swali la Mama Mkubwa lilikuwa la muda na faida. Niruhusuni nipige hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Chuo cha wizara ya mambo ya nje ya Marekani, ambacho huwaandaa wanadiplomasia, hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji takriban wiki 30, yaani saa 750 za darasani, ili akimudu Kifaransa kwa kiwango cha kufanyia kazi. Kiswahili hupewa takriban wiki 36, saa 900, pamoja na Kijerumani. Kichina, Kijapani, Kikorea na Kiarabu hupewa takriban wiki 88, saa 2,200. Kumbukeni kwamba hao ni watu wazima waliochaguliwa, wanaolipwa kusoma, katika madarasa madogo, siku nzima.

Sasa tumchukue kijana wa Birmingham. Tuseme ana vipindi viwili kwa wiki vya dakika 50, katika mwaka wenye wiki 38 za masomo. Hizo ni saa 63 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ya kwanza ya sekondari anapata saa 190. Tukiongeza miaka miwili ya mtihani na kumpa kipindi cha tatu, tunamwongezea saa 190 nyingine. Jumla ni saa 380, nusu tu ya zile 750, zikiwa zimetawanywa katika miaka mitano, kati ya wenzake thelathini, na likizo ndefu ya kusahau kila mwaka. Anayeanza ujenzi akijua fedha zitaishia kwenye linta huwa hajajenga nyumba, amepoteza saruji.

Angalieni pia Ireland. Watoto wa huko wamesomeshwa Kiairishi kwa lazima shuleni tangu nchi hiyo ilipojipatia uhuru katika miaka ya 1920. Ni lugha ya mababu zao, imo katika katiba, imo katika vibao vya barabarani. Hata hivyo watu wengi mno wa Ireland huishi siku zao zote kwa Kiingereza. Na tusiende mbali: Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa hapa Kenya tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) ulipoanza mwaka 1985, mtaala mpya nao ukakiendeleza, na binti wa Mama Mkubwa ana alama nzuri, lakini bei ya sukuma wiki anapatana kwa Kiingereza.

Kuna tatizo lingine ambalo watetezi wa lugha hulipita haraka. Mtoto wa Kifaransa akiulizwa ajifunze lugha gani, jibu liko mbele ya macho yake: Kiingereza. Mtoto wa Kiingereza hana jibu la namna hiyo. Akichagua Kifaransa, huenda kazi yake ikampeleka São Paulo. Akichagua Kihispania, huenda akaolewa au akaoa Mjerumani. Anawekeza saa zake mia kadhaa katika hisa moja bila kujua kama itapanda. Tena sasa simu iliyo mfukoni mwake inatafsiri maandishi, sauti na hata picha ya bango. Mimi ningempa kompyuta na takwimu, kisha akipata sababu ya kujifunza lugha fulani akiwa na miaka ishirini na mitano, ajifunze hapo kwa miezi tisa kama wale wanadiplomasia.

Mkalimani, Gigiri

Nimesoma hesabu ya Mhasibu nikaona haina kosa la kujumlisha. Kosa liko katika kudhani kwamba lugha ni nyumba ambayo haikaliki mpaka iezekwe. Saa 380 za Kifaransa hazimfanyi mtu mwanadiplomasia, lakini zinamwezesha kusoma barua, kufuata mazungumzo ya taratibu na kujua ni wapi hasa asipoelewa. Hatuwafundishi watoto fizikia tukitarajia kila mmoja wao ajenge bwawa kama la Masinga.

Nizungumzie ninachokijua. Ninafanya kazi ya ukalimani katika mikutano, mingi ikiwa hapa Nairobi kwa sababu Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na lile la makazi yana makao yao makuu Gigiri. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Kwa kawaida mkalimani hutafsiri kutoka lugha alizojifunza kuingia katika lugha yake ya kwanza, na vibanda vya Kiarabu na Kichina, yaani vyumba vidogo wanamokaa wakalimani wa lugha hizo, ndivyo vinavyofanya kazi pande zote mbili. Kwa hiyo kibanda cha Kiingereza kinahitaji watu waliokulia katika Kiingereza na ambao wakati huohuo wanazijua barabara angalau lugha nyingine mbili. Watu wa namna hiyo ni adimu, na taasisi za Umoja wa Ulaya zimewahi kulilalamikia jambo hilo waziwazi. Mhasibu anauliza soko liko wapi. Basi hapa lipo, ingawa ni dogo, na walioacha Kifaransa wakiwa na miaka kumi na minne hawawezi kuliingia.

Lakini nisingependa hoja yangu isimame juu ya ajira ya watu wachache. Kuna jambo ninaloliona kibandani karibu kila wiki. Wajumbe kutoka Senegali, Brazili, Thailand na Ethiopia wakizungumza Kiingereza kati yao huelewana vizuri, kwa sababu kila mmoja hutumia sentensi fupi na kuhakikisha kwamba mwenzake amemfuata. Kisha huchukua kipaza sauti mjumbe ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pekee. Huzungumza kwa kasi, huingiza misemo ya mchezo wa kriketi au besiboli, hufanya mzaha unaotegemea neno lenye maana mbili, na ukumbi mzima hugeuka kutafuta vipokea sauti vya masikioni. Anayeeleweka kwa shida kuliko wote ni yule mwenye lugha. Wala si kwa ujeuri. Hajawahi kujifunza lugha nyingine, kwa hiyo hajui ni sehemu gani ya lugha yake iliyo ngumu. Kuna kitenzi kimoja cha Kiingereza kinachotumika mikutanoni ambacho kwa Mwingereza maana yake ni kuileta hoja ijadiliwe sasa, na kwa Mmarekani ni kuiweka kando. Nimewaona watu wawili wenye lugha moja wakibishana kwa dakika kadhaa juu ya hoja ambayo walikubaliana, na aliyewatatua alikuwa mjumbe aliyejifunza Kiingereza darasani.

Kuhusu simu inayotafsiri: inafaa sana, hata mimi huitumia kutafuta majina ya samaki na ya kemikali. Lakini inakupa maneno ya mwenzako baada ya kuyasafisha. Haikuonyeshi kwamba alisita, au kwamba alichagua neno la heshima pale alipoweza kutumia la kawaida.

Muuguzi Mtarajiwa, Umoja

Naomba niingie kidogo, kwa kuwa mimi ndiye yule mtu wa miaka ishirini na mitano wa Mhasibu, ila nina ishirini na saba.

Nilihitimu uuguzi, nikafanya kazi ya mkataba, mkataba ukaisha. Mwezi Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi, na wengi wetu tukakimbilia kujifunza Kijerumani. Muuguzi wa kigeni anayetaka kutambuliwa huko kwa kawaida hutakiwa kufikia kiwango cha B2, yaani cha nne kati ya viwango sita vya kupimia ujuzi wa lugha, na ninawahakikishia kwamba si cha mchezo. Ninasoma jioni, baada ya zamu za kuokoteza, na nauli ya kutoka Umoja hadi katikati ya jiji kila siku ni mzigo wa pekee. Sipingi kwamba hitaji linafundisha. Ninachosema ni kwamba hitaji lina ada kubwa, na ningeshukuru kama mtu angenilazimisha nikiwa na miaka kumi na mitatu, wakati nauli na chakula vililipwa na wazazi.

Jambo lililonishangaza ni hili. Katika darasa letu yumo kijana mmoja aliyelelewa kwa Kiingereza peke yake, mwerevu kuliko mimi, naye ndiye aliyeteseka zaidi mwanzoni. Mwalimu alipotuambia kwamba kila nomino ya Kijerumani iko katika mojawapo ya makundi matatu, na kwamba kundi hilo ndilo linaloamua umbo la maneno yanayoandamana nayo, yeye aliona ni ukatili. Kwamba meza ni ya kiume, tena msichana, das Mädchen, hayuko katika kundi la kike bali katika kundi lisilo la kiume wala la kike! Alitaka kujua sababu. Mimi sikutaka sababu. Tangu utotoni ninasema kitabu kizuri, mti mzuri, nyumba nzuri, na sijawahi kumuuliza mtu kwa nini kijiko kimekaa na kitanda katika ngeli moja ilhali sufuria imekwenda kwingine. Makundi matatu kwangu yalikuwa nafuu.

Kwa hiyo ninadhani Mhasibu amekosea pale aliposema kwamba mtoto akichagua lugha "isiyo sahihi" saa zake zimepotea. Kiswahili changu hakikunipa hata neno moja la Kijerumani, lakini kilinipa mazoea ya kukubali kwamba lugha ina amri zake na haikudai maelezo. Mtu wa lugha moja huanza kwa kubishana nayo.

Mhasibu wa Kilimani

Dada, hilo la ngeli limenigusa, ninalikubali. Ila tazama ulichokithibitisha: Kiswahili kilikusaidia kwa kuwa unakiishi. Ulikinunulia maandazi, ukakigombania mpira. Hukukipata katika saa 380. Bado hakuna aliyenionyesha kwamba Kifaransa cha vipindi viwili kwa wiki kinamjengea mtoto mazoea hayo.

Mwalimu Mstaafu, Kasarani

Swali la haki, na nitalijibu kwa kukiri kabla ya kubisha. Mengi ya yanayofanyika katika madarasa ya lugha ni kupoteza muda, nami nilipoteza muda wa watoto wa watu kwa miaka sita ya kwanza ya kazi yangu. Niliwakaririsha vitenzi kama kengele ya shule. Walifaulu mtihani, na mgeni kutoka Kigali alipotembelea shule (hiyo ilikuwa kabla Rwanda haijabadilisha lugha ya kufundishia kutoka Kifaransa hadi Kiingereza mwaka 2008) hakuna aliyethubutu kumwuliza hata kama amesafiri salama.

Baadaye nilibadilisha jambo moja tu. Kila Alhamisi nilikataza Kiingereza na Kiswahili darasani kwa kipindi kizima, mimi nikiwamo, na aliyekosa neno alilazimika kulizunguka kwa maneno aliyonayo mpaka wenzake waelewe. Vipindi vya kwanza vilikuwa kimya cha msibani. Kufikia muhula wa pili kijana mmoja alitueleza jinsi fisi alivyoingia zizini kwao Kajiado akiwa na maneno yasiyozidi mia moja na hamsini, na hakuna aliyesinzia. Hakukijua Kifaransa. Alichokijua ni namna ya kusimama mbele ya watu akiwa na lugha pungufu na asione haya. Hilo linawezekana katika saa 380, Mhasibu, na hilo ndilo ambalo mzungumzaji wa Kiingereza hapati mahali pengine.

Kuhusu lugha ipi, usitafute hisa. Tazama jirani. Kwa mtoto wa Birmingham, Kifaransa kiko ng'ambo ya mlangobahari, na Kiurdu na Kipunjabi viko mtaa wa pili. Kwa mtoto wa Nairobi hesabu ni nyingine kabisa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka mmoja kabla ya hapo wakuu wa nchi walikuwa wameagiza kwamba Kiswahili na Kifaransa viharakishwe kuwa lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Benki za hapa mjini tayari zina biashara Kinshasa na Lubumbashi. Huko makaratasi ni ya Kifaransa, na Lubumbashi, Goma na Bukavu soko ni la Kiswahili. Mkenya wa Kiingereza pekee akifika pale hana makaratasi wala soko.

Mama Mkubwa, Lang'ata

Asanteni sana. Nimewasomea wote wawili, binti yangu hapa na mpwa wangu kwa simu, nikitafsiri nilipohitaji, na ninyi mnajua kwamba kutafsiri huko kwenyewe kumenifedhehesha kidogo.

Mpwa wangu alimpenda Mhasibu. Aliniomba nirudie hesabu ili aiandike, na nina hakika ameionyesha kwa baba yake. Lakini kesho yake alinitumia ujumbe akiuliza kama yule mlowezi wa Nakuru hakuwahi kweli kujua jina la mpishi wake. Nikamjibu kwamba jina huenda alilijua, Mwalimu hakusema. Akaniuliza kama salamu za Kikamba anazomwambia nyanya yake kila Jumapili ni kama hizo, yaani maneno ya kusema tu na kungoja simu ipokewe na mtu mwingine. Sikumjibu haraka. Karatasi inarudishwa Ijumaa. Mama yake anasema kwamba ataandika Kifaransa, kijana anasema kwamba ataandika historia ya kale, na nimejiondoa katika ugomvi huo.

Kwa binti yangu jambo limejiamulia kwa njia nyingine. Yeye anataka sayansi, na lugha za kigeni zimewekwa katika mkondo wa sayansi ya jamii. Tena shule tunayoiwazia haina mwalimu wa Kifaransa, alikuwapo mmoja akahama. Kwa hiyo maswali yetu yote ya lazima na hiari, kwake yanaishia kwenye ratiba. Kuhusu Kiswahili chake, Mhasibu amesema kweli na kosa ni la nyumbani, si la shule. Tangu Jumatatu tumekubaliana na baba yake kwamba chakula cha jioni ni cha Kiswahili. Siku ya kwanza tulikula kwa dakika kumi na mbili bila neno, kama lile darasa la Alhamisi. Jana aliomba chumvi kwa sentensi ndefu mno, nikampa.

Mwalimu, nina ombi. Je, huwa unachukua wanafunzi wikendi? Kifaransa, si zaidi ya saa moja na nusu. Nitamleta mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Kasarani

Jumamosi saa tatu asubuhi. Nina wengine wanne wa rika lake. Aje na daftari, na ile simu inayotafsiri abaki nayo mama yake.